Sentensi ya Pili ya Ukuta wa China

Hapo zamani za juzi tu, hata chaji ya simu haijaisha, palikuwa na nchi. Jina silitaji. Si kwamba naogopa, ila yenyewe iko mbali mno: ukitoka hapa unavuka nchi tatu ambazo mambo kama haya hayajawahi kutokea kabisa, ndipo unafika. Habari hii niliipata kwenye simu kutoka kwa binamu wa mtu aliyekuwepo, na aliapa kwa mama yake, kwa hiyo ni kweli tupu.

Nchi hiyo ilikuwa inajenga ukuta. Jina lake Ukuta wa Umoja, kwa sababu ulipita katikati ya nchi ukaigawa pande mbili. Kilomita mia tatu! Kwenda juu ulikuwa mara mbili ya kimo cha Mtukufu Nguzo, yaani rais wao, ambaye, tuseme ukweli, Mungu hakumchosha kwa urefu, kwa hiyo mbuzi waliuruka. Hadi leo haijaamuliwa upande upi ni wa ndani. Tume bado inakaa.

Sasa jamani, raha ya nchi ile ni kwamba historia yake ilikuwa imeahirishwa. Mtukufu Nguzo alitangaza mwenyewe redioni: "Ndugu wananchi, historia yetu itaanza matayarisho yatakapokamilika. Kwa sasa, lililotokea jana lihesabiwe halijatokea vizuri." Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ukiuliza habari za jana, ndani. Ukiuliza za juzi, ndani pamoja na shemeji yako.

Lakini watu wa nje wasije wakasema nchi ile haina udadisi! Serikali ikaunda Wizara ya Udadisi, na wizara ikafungua Dirisha la Maswali ya Historia ya Dunia, palepale sokoni, kati ya duka la sanda na duka la simu. Hapo ruksa kuuliza lolote, mradi lilitokea mbali na lilitokea zamani. Mtu mmoja, swali moja, jibu la sentensi moja. Ukitaka sentensi ya pili unapanga foleni upya baada ya miezi sita. Waziri wa Udadisi, Mheshimiwa Daktari Bwire Kagomba (udaktari wa heshima, na heshima yenyewe ya kuazima), alifafanua vizuri sana siku ya ufunguzi: "Jibu refu huzaa swali. Na swali likizaliwa bila kupangwa, nani atalilea?"

Hakuna aliyejua. Dirisha likafunguliwa.

Haya, watu nao si wajinga. Unga ulipoadimika, mama mmoja akaenda dirishani akauliza kwa adabu zote: "Eti ni kweli malkia wa Ufaransa aliwaambia wenye njaa wale keki?" Karani wa enzi hizo, Mzee Kachwamba, akakohoa, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema: "Keki zitafika Alhamisi." Na Alhamisi unga ukafika! Mpwa wa Mtukufu Nguzo alipopewa uwaziri, foleni nzima ilikuja na swali moja: eti kuna mfalme wa Roma alitaka kumpa farasi wake cheo? Mzee akajibu, "Farasi huyo msimzoee, mwezi ujao anahamishwa." Akahamishwa kweli, wallahi.

Miaka tisa wakaenda hivyo. Wauza dagaa wakawa wanabishana habari za Babeli. Wageni wakaja, wakasikia wapasua kuni wanataja mafarao kwa majina, wakaandika ripoti: taifa la wasomi! Na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyesema kwa mdomo wake kwamba Roma ni hapa. Kusema hivyo lilikuwa kosa kubwa, ila halikuandikwa kwenye sheria yoyote, maana ukiliandika umeshalisema.

*

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Sikudhani, anakaanga vitumbua karibu na stendi. Mumewe, Ngwali, alikuwa fundi mwashi. Siku moja likaja lori, likamchukua Ngwali na waashi wenzake arobaini kwenda kujenga Kilomita ya Sitini. Ikanyesha mvua, ukuta ukaanguka.

Samahani, haukuanguka. Taarifa ya serikali ilisema wazi: "Ukuta umekaa chini kidogo kupumzika." Kuhusu waashi waliokuwa chini yake wakati unakaa, taarifa haikusema kitu, kwa sababu karatasi iliisha.

Ukapita mwaka na nusu. Sikudhani si mke, si mjane. Eda hawezi kukaa, maana hajaambiwa mume kafa. Kujipamba hawezi, maana hajaambiwa mume yu hai. Kila mchana akipakua, mkwewe Bi. Mize, mama yake Ngwali, bibi wa miaka sabini na mbili, anauliza: "Nimtengee na yeye?"

"Subiri kwanza, mama."

"Ninasubiri nini, wali au habari?"

Sahani ya Ngwali inakaa pale imefunikwa kawa mpaka wali unapoa, kisha wanagawana wale wawili, wanakula kama wameiba.

Swali lake alilitunga miezi mitatu. Alilifanyia mazoezi mbele ya karai la mafuta. Na siku zamu yake ilipofika, jamani bahati nyingine hizi! Mzee Kachwamba hayupo. Amestaafishwa ghafla, baada ya kumjibu mtu kwamba "Roma imechoka." Kwenye kiti chake kuna karani mpya, Eliamani, mwenye miwani na tabasamu, aliyesoma kitabu kinene cha historia ya dunia mara mbili, mara ya tatu akiwa na homa.

Na Eliamani hakuambiwa! Nani amwambie? Kumwambia kuna siri ni kuitoa siri. Waziri alidhani katibu kamwambia. Katibu alidhani hakuna haja, mbona hata mbuzi wanajua. Kwa hiyo Eliamani alikuwa mtu pekee katika nchi nzima aliyeamini kwamba swali la Ufaransa linahusu Ufaransa.

Sikudhani akashika nondo za dirisha. "Mwanangu, nauliza. Ule Ukuta wa China. Eti ni kweli wajenzi wake wamo ndani ya ukuta?"

Nyuma yake kwenye foleni, mtu aliyekuwa anatafuna muhogo akaacha kutafuna. Hakuna asiyejua anauliza nini.

Eliamani uso ukamng'aa kama kaletewa posa. "Swali zuri sana, mama! Hapana, hizo ni hadithi za watu tu, hakuna mfupa wa mtu uliowahi kupatikana ndani ya ule ukuta."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja!" Akainua kidole. "Ila mama, jibu halijaisha, kuna na sentensi ya pi..."

Kengele ikalia, ngaa! Karani msimamizi akashusha kibao cha dirisha. Eliamani akasikika kwa ndani akipiga kelele, "Mama, sentensi ya pili! Njoo baada ya miezi sita!" Lakini Sikudhani alikuwa ameshaanza kukimbia, kanga moja iko kichwani, nyingine iko begani mwa mtu mwingine kabisa, anapiga kelele stendi nzima: "Hawamo! Hawamo ndani ya ukuta!"

*

We acha tu. Ndani ya saa moja habari imefika nyumba zote arobaini na moja. Vigelegele! Akina mama wakajifukiza udi. Watoto wakanyolewa. Bi. Mize akachinja jogoo wa mwisho na kutenga sahani bila kuuliza mtu. Kuanzia siku ile wanawake arobaini na mmoja wakawa wanakwenda stendi kila asubuhi, wamejipodoa, wanakagua kila basi. Wakikosa wanarudi wanacheka: kesho! Dirisha limesema!

Baraza la mawaziri likakutana kwa dharura.

"Tukanushe," akasema Waziri wa Ujenzi. "Tuseme waashi wamekufa."

"Wamekufa wapi?" akauliza Waziri Kagomba.

"Si ukutani?"

"Ukuta haukuanguka, mheshimiwa. Ulikaa."

"Basi tuseme karani alikuwa anazungumzia China."

Kagomba akavua miwani. "Mheshimiwa, ukishasema karani alikuwa anazungumzia China, umesema kwamba siku nyingine zote hatuzungumzii China. Unataka kuifungua miaka tisa ya Roma leo, saa hizi, kabla ya chai?"

Chai ikaletwa. Mtukufu Nguzo, aliyekuwa amekalia mito miwili, akasema neno moja tu, na ndiyo maana wao wana rais na sisi tuna malalamiko:

"Wapeni."

"Tuwape nini, Mtukufu?"

"Waume. Wanataka waume arobaini na mmoja. Nchi hii imeishiwa wanaume?"

Zabuni ikapita kimyakimya. Wakachukuliwa wafungwa arobaini na mmoja, vimo mbalimbali, wakanyolewa, wakaogeshwa. Kila mmoja akapewa jina la mwashi, kijitabu cha kurasa nne na mafunzo ya siku tatu. Atakayekataliwa na mke atarudi gerezani na kuongezewa miaka kumi kwa kosa la kushindwa kuwa mume.

Wakakabidhiwa kwa wake zao kwenye uwanja wa mpira, na matarumbeta. Waziri Kagomba akahutubia: "Serikali inayojali haimwachi mwanamke bila mume, kama vile haimwachi ng'ombe bila josho!" Makofi. Kisha majina yakaanza kuitwa, mke anasogea, anatia dole gumba mahali palipoandikwa *nimempokea akiwa mzima*, anaondoka na mtu wake.

Sikudhani akaitwa. Mbele yake kasimama mwanaume mwembamba, masikio makubwa. Kwenye kifua kabandikwa karatasi: NGWALI.

"Huyu si mume wangu," akasema Sikudhani.

Ofisa akaangalia daftari. "Umemlinganisha na nani, mama?"

"Na mume wangu!"

"Mume wako si ndiye huyu? Sasa mtu unamlinganishaje na yeye mwenyewe?"

"Mume wangu mfupi, mweusi tii, ana kovu la mwiko wa uashi hapa mkononi!"

"Kovu limepona. Hongera." Ofisa akamgeukia Bi. Mize. "Bibi, wewe ndiye uliyemzaa. Sema."

Bi. Mize akamsogelea yule mtu, akampapasa uso, polepole, paji, pua, yale masikio. Uwanja mzima wanatazama, simu zimeinuliwa juu. Kisha akamkumbatia. "Mwanangu," akasema. "Umekonda."

Njiani Sikudhani alikuwa analia kwa hasira. "Mama! Unajua si yeye!"

"Najua. Mimi ndiye niliyemzaa, utanifundisha?" Bi. Mize hakusimama. "Lakini wali wa yule nimeula umepoa mwaka na nusu. Huyu atakula wa moto."

*

Jina lake la kweli yule mtu lilikuwa Tamimu, alifungwa kwa kesi ya mbuzi. Nyumbani alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuomba kura, akatoa kijitabu.

"Mimi ni Ngwali," akasoma. "Napenda mchuzi wa kamba na... na kulalamika."

"Kulalamika hakupenda," akasema Sikudhani.

"Wameandika wao, mke wa... mke wangu. Nikuombe radhi. Mimi nitalala ukumbini. Ukinirudisha ni miaka kumi. Usiponirudisha nitakutekea maji. Nichagulie."

Akamchagulia maji. Kwa hiyo waliishi. Tamimu alifagia, alikuna nazi, alimpeleka Bi. Mize hospitali mgongoni. Kitu kimoja tu hakuweza: kushika mwiko. Aliambiwa azibe ufa wa jikoni, akaupaka tope kama anampaka mtoto uji. Na ukutani hakuegemea kamwe. Hata ukuta wa chumba, alikaa katikati ya mkeka.

Mwezi wa sita tangu dirisha lijibu, choo kikajaa. Sikudhani akamwambia: "Ngwali, nichimbie shimo lingine, nyuma ya mpapai."

Akaenda stendi na karai lake, akarudi mchana. Tamimu alikuwa amechimba kweli. Kachimba haraka mno, kachimba vizuri mno, kuta zimenyooka bila kamba wala kipimo. Lakini shimo la choo, ndugu yangu, wote tunalijua lilivyo. Hili lilikuwa refu. Refu la watu wanne wakilazwa mmoja baada ya mwingine, kina cha kifuani, na udongo wote umerundikwa upande mmoja, tayari kwa kurudishwa.

Sikudhani akatua karai. "Hiki ni choo?"

Tamimu akalitazama shimo lake kama ndiyo kwanza analiona. Jembe likamponyoka. "Astaghfirullah," akasema. "Mkono umezoea."

"Umezoea nini? Mlipelekwa wapi, nyinyi wafungwa, mwaka ule wa mvua?"

Akaanza kulia bila sauti, jasho na machozi havijulikani. "Mimi ni Ngwali, mke wangu. Mimi mwashi. Ngwali hajui habari za kuchimba." Akajifuta. "Lakini miezi sita imetimia. Wewe bado una sentensi yako dirishani."

*

Eliamani alipomwona alisimama kabisa. "Mama! Nimekusubiri! Hakuna mtu anayerudi kwa sentensi ya pili, unajua? Wewe ndiye mpenzi wa kweli wa historia!" Akafungua kitabu chake, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa furaha yote aliyopewa na Mungu:

"Wanaohesabu husema wajenzi wengi sana walikufa, na waliokufa walizikwa kwenye mahandaki, kando ya ukuta."

Foleni ikainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama majani ya mgomba mvua inapopita.

"Kando," akasema Sikudhani.

"Kando! Sio ndani, watu wengi wanachanganya." Akampitishia fomu. "Hapa unaweka alama tu, mama. Umeridhika, hujaridhika?"

Akaweka alama kwenye kuridhika. Kutoridhika kulikuwa na fomu ya kurasa kumi na mbili na picha mbili za mdhamini.

Eliamani naye hakusahauliwa. Wiki ileile Waziri Kagomba alitangaza kwamba sentensi za pili zimefutwa kwa ajili ya usalama wa sentensi za kwanza, na kwamba karani hodari amepata nafasi adimu ya kuusoma ukuta kwa karibu, Kilomita ya Sitini na Moja. Alipanda lori amebeba kitabu chake, anawapungia watu mkono. Aliuliza kama huko kuna maktaba. Dereva akamwambia itajengwa, na yeye ndiye mjenzi.

*

Sasa, kumfanyia matanga mtu aliye hai kwenye daftari la serikali ni uzushi, na uzushi ni miaka saba. Ngwali alikuwa hai. Kasainiwa. Anakuna nazi.

Kwa hiyo Sikudhani alipovaa nguo nyeupe, akatandika mikeka ukumbini na kukaa eda, balozi wa mtaa alifika hata kahawa haijachemka.

"Nani kafa hapa?"

"Mchina," akasema Sikudhani.

"Mchina gani?"

"Fundi mmoja. Alikuwa anajenga ukuta wa kwao, zamani sana. Nimepata habari zake dirishani, zimeniuma."

Balozi akafikiri. Lilitokea mbali? Ndiyo. Lilitokea zamani? Ndiyo. Akakuna kichwa, akaandika: *msiba wa nje, unaruhusiwa*. Mpaka adhuhuri nyumba arobaini na moja zilikuwa zinamlilia Mchina. Sanda zilinunuliwa zikakunjwa bila mtu. Sheikh akauliza jina la marehemu, akaambiwa Mungu anamjua, akainua mikono akaomba.

Na wenye waume wa serikali waliwakalisha mkekani kupokea pole, maana nyumba lazima iwe na mwanaume wa kupokea pole. Tamimu alikaa katikati ya mkeka, mbali na ukuta, watu wanamshika mkono: pole, pole sana. Msiba wa jina alilobandikwa kifuani, anaupokea mwenyewe.

Waziri Kagomba akaja na gari tatu na mpiga picha. Alifurahi mno! "Tazameni!" akasema, kasimama mlangoni na viatu. "Taifa gani lingine linaomboleza fundi aliyekufa miaka elfu mbili iliyopita? Huu ndio udadisi! Na wewe Ngwali, hujambo? Ukuta unakukumbuka!"

"Sijambo, mheshimiwa," akasema Tamimu.

Wakampa Waziri kiti na kahawa. Dua ikaendelea. Na hapo ndipo Bi. Mize, yule bibi aliyechoka kula wali uliopoa, akachomoka pale alipokaa. Akatoka mpaka uani, nyuma ya mpapai, kwenye lile shimo refu ambalo hakuna aliyekuwa amelifukia. Akapiga magoti ukingoni. Akaita kwa sauti ambayo yule mtu aliyekuwepo alimwambia binamu wake hataki kuisikia tena hata kwenye simu:

"Ngwali! Ngwali mwanangu! Ngwali!"

Dua ikakatika. Sikudhani akafumba macho. Waziri Kagomba akashusha kikombe, akageuza shingo taratibu, akamtazama yule mwanaume wa mkekani. Akasubiri tu, nyusi zimeinuka, kama mwalimu anayeita majina darasani.

Bibi akaita tena.

Tamimu akasimama. Machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Miaka kumi ni mingi.

"Naam, mama," akaitika.

Waziri akamalizia kahawa yake.

Ya nchi ile ndiyo hayo, na nimeyasimulia kama yalivyonifikia. Mwenye swali asiniulize nchi gani. Aniulize habari za China.